Nauli Rahisi ya Ndege: Nani Analipa Zilizobaki?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi, mashine zinazokata vidole na dawa zinazopulizwa mashambani bila vifuniko vya pua. Safari hii tunazungumza juu ya ndege. Huenda mtu akauliza: mfanyakazi na ndege wapi na wapi? Zamani swali hilo lilikuwa na haki yake. Ndege ilikuwa chombo cha mawaziri, wakurugenzi na watalii, nasi kazi yetu ilikuwa kuitazama ikipita juu ya shamba. Leo mambo yamegeuka. Yako makampuni yanayouza tiketi kwa bei iliyo karibu na nauli ya basi, na mfanyakazi mwenye msiba wa mbali huikata tiketi hiyo kwa simu yake, wakati wa mapumziko ya chakula.

Tena wako wenzetu wengi viwandani na mashambani waliopanda ndege kwa mara ya kwanza si kwa kupenda matembezi, bali kwa kutoka kambini. Miongoni mwetu tunaotayarisha ukurasa huu wamo waliotoka Dzaleka, nchini Malawi. Kwa hiyo jambo hili tunalijua kwa pande mbili: ndege ya mkopo iliyotutoa Lilongwe, na ndege ya bei rahisi tuliyokuja kuilipia baadaye kwa jasho letu.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Hatusemi kwamba nauli rahisi ni mbaya. Tunasema hivi: bei ikishuka, pana mtu anayelipa zilizobaki. Inafaa mfanyakazi amjue mtu huyo ni nani, kwani mara nyingi ni yeye mwenyewe.

KAMBI ILIYO KARIBU NA UWANJA

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Uwanja wa ndege wa Kamuzu uko Lumbadzi, kaskazini ya mji, kilomita 26 hivi, upande huo huo wa barabara kuu. Maana yake mtu wa Dzaleka akishika njia ya kwenda Lilongwe, anaupita uwanja wa ndege kabla hajauona mji. Lakini wako watu waliokaa kambini miaka 15, watoto wakazaliwa na kumaliza shule, bila hata mmoja wao kuingia katika uwanja huo.

Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa jela, na wapinzani wake wa siasa walifungwa hapo. Mwaka 1994, mwaka ule ule utawala wake ulipokwisha, pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa ipokee watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, walio wengi kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Lugha inayowaunganisha sokoni na kwenye foleni ya maji ni Kiswahili.

Mwezi Julai 2015 ilifika Lilongwe ndege ya bei rahisi. Ilikuwa ya kampuni ya Fastjet, iliyoanza kuruka Tanzania Novemba 2012 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Tiketi yake ya chini kabisa siku zile ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 bila kodi. Watu wengi waliopanda ndege zake walikuwa hawajawahi kuruka maishani mwao. Sasa Dar es Salaam na Lilongwe zikaunganishwa kwa nauli ndogo. Kwa barabara safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500, kupitia Mbeya, mpaka wa Songwe, Karonga na Mzuzu. Kwa ndege ni kiasi cha saa 2.

Je, watu wa Dzaleka walipanda? Wenye biashara wa Lilongwe walipanda, na watumishi wa mashirika walipanda. Sisi wa kambini tulibaki pale pale. Kikwazo chetu hakikuwa nauli peke yake. Malawi ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini ilijiwekea masharti, yakiwemo ya haki ya mkimbizi kuajiriwa na haki yake ya kwenda atakako. Mtu asiyeruhusiwa kuajiriwa atapata wapi fedha za tiketi? Na asiye na hati ya kusafiria ataionyesha nini kaunta? Mwaka 2023 hata wale waliokuwa wamefungua maduka mijini waliamriwa kurudi kambini.

Ndege hizo za Fastjet kutoka Tanzania nazo hazikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 zote zilikuwa zimesimama. Nauli ilikuja ikaondoka, na masharti yakabaki pale pale. Hili ndilo somo la kwanza: bei ndogo humfungulia njia yule tu ambaye tayari ana mshahara na karatasi.

NDEGE YA KWANZA ILIKUWA YA MKOPO

Kwa wengi wa Dzaleka, ndege ya kwanza ni ile ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Jina likitoka baada ya miaka ya mahojiano na vipimo vya hospitali, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ndilo linalopanga safari. Watu hufundishwa jinsi ya kufunga mkanda, jinsi ya kutumia choo cha ndege na jinsi ya kusubiri uwanja wa kati. Kila jamaa hupewa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, na ndani yake zimo karatasi zote za maisha yao. Huambiwa wasiuweke chini wala wasiufiche, maana kwa mfuko huo ndiyo watatambuliwa Addis Ababa, Nairobi au kokote watakakobadilisha ndege.

Halafu huja mizani. Kilo 23 kwa begi moja. Sisi tuliopitia hapo tunakumbuka mama zetu wakitoa sufuria, wakirudisha vitenge, wakitoa tena unga wa muhogo, wakirudisha picha za marehemu. Vilivyozidi vilibaki kwa majirani.

Lakini mzigo mzito kuliko yote haukuwekwa kwenye mizani. Ulikuwa ni karatasi ya kutia sahihi. Wanaokwenda Marekani hutia sahihi ahadi ya kulipa nauli yao. Mkopo huo hauna riba, na malipo huanza miezi 6 baada ya kufika. Kwa jamaa ya watu 6 au 7 deni hufika maelfu ya dola. Fedha zinazorudi hutumika kusafirisha wakimbizi wengine, na hilo ni jambo la haki. Lakini ieleweke kwamba mtu anaanza kazi yake ya kwanza, kwenye mstari wa kukata kuku au kwenye ghala, akiwa tayari anadaiwa kabla hajanunua hata godoro.

Kanada nayo ina mkopo wake, unaochukua nauli na gharama za vipimo vya afya. Mpaka mwaka 2018 mkopo huo ulikuwa na riba. Tangu Februari mwaka huo mikopo haina riba, na malipo huanza baada ya mwaka 1. Australia huwalipia nauli wale wanaoingia kwa viza ya ukimbizi yenyewe. Wale wanaoombewa na ndugu zao chini ya mpango maalum wa kibinadamu, nauli ni juu ya ndugu hao. Kwa hiyo yuko mfanyakazi wa machinjio Australia anayefanya kazi za ziada ili amlipie shangazi yake tiketi ya kutoka Lilongwe. Tiketi hiyo haiitwi rahisi hata kidogo.

NDEGE YA PILI TULIILIPIA WENYEWE

Sasa tuje kwenye ndege ya bei rahisi. Mwenzetu mmoja wa idara ya kufungasha alifiwa na baba yake mdogo katika mji wa mbali, mwendo wa basi wa usiku na mchana. Wote wawili waliwahi kukaa Dzaleka, na yule mzee ndiye aliyemlea. Alitaka awahi mazishi. Tulichanga, na kwa simu ikaonekana tiketi ya dola 49 ya kampuni moja ya nauli ndogo. Kampuni nyingine ya kawaida ilikuwa ikiuza kwa dola 139, begi likiwa ndani ya bei. Ni nani angechagua ya 139?

Alifika uwanjani na begi lake la magurudumu, lile lile alilotoka nalo Lilongwe. Kaunta wakamwambia pasi ya kupandia, akichapishiwa na mtumishi, ni dola 25. Angeitoa mwenyewe kwa simu ingekuwa bure. Mlangoni wakamwambia begi limezidi kipimo cha mkoba wa chini ya kiti, alipe dola 79. Foleni ilikuwa nyuma yake na mlango ulikuwa karibu kufungwa. Alilipa.

Ndugu, tufanye hesabu. Dola 49, na 25, na 79, jumla ni dola 153. Tiketi ya dola 49 imeipita tiketi ya dola 139. Kwa mshahara wa dola 17 kwa saa, ni saa 9 za kusimama kwenye mstari. Aliporudi, begi aliliacha kwa shangazi yake, akavaa makoti 2.

Hapa hatuna haja ya kutaja jina la kampuni, kwa sababu si kampuni moja. Ndivyo biashara yenyewe ilivyopangwa. Bei ya kwanza unayoonyeshwa ni ya kiti peke yake. Begi, kuchagua kiti, chakula, maji, hata karatasi, kila kimoja kina bei yake. Mwaka 2010 shirika la Spirit la Marekani lilianza kutoza hata begi la kuweka juu ya kiti. Southwest, lililosifika miaka mingi kwa kubeba mabegi 2 bure, lilianza kutoza mabegi mwezi Mei 2025.

Mfanyakazi anaifahamu hila hii, maana ndiyo ile ya karatasi ya mshahara. Mwajiri hutangaza kiwango cha saa, kikubwa cha kupendeza. Ukipokea karatasi unakuta makato ya sare, ya usafiri, ya nyumba ya kampuni. Kinachohesabika ni kilichobaki mkononi. Vivyo hivyo tiketi: kinachohesabika ni kilichotoka mfukoni.

BEI INASHUSHWA NA NINI?

Ni haki kusema kwamba si kila kitu katika nauli rahisi ni hila. Southwest ilianza kuruka Juni 1971 huko Texas, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka 1972 ilikuwa na ndege 4, fedha zikapungua, ikabidi iuze 1. Ratiba ilikuwa ya ndege 4, na ndege zilizobaki ni 3. Ilifanyaje? Wafanyakazi wake waliamua kuigeuza ndege chini kwa dakika 10: abiria washuke, mizigo itoke, ndani pafagiliwe, mizigo mipya iingie, abiria wapande, ndege iondoke. Ndege iliyosimama haileti fedha. Ikiruka mara nyingi kwa siku, kila kiti hugharimu kidogo.

Hii ndiyo siri ambayo makampuni mengine yaliiga duniani: aina moja ya ndege ili mafundi na vipuri viwe vya namna moja, kugeuza upesi, viti vingi, na kuuza bila mawakala. Kenya nayo ilipata Fly540 mwaka 2006, ambayo jina lake lilitokana na nauli ya shilingi 5,540 kwenda na kurudi, na Jambojet, iliyoanza Aprili 2014 chini ya Kenya Airways.

Lakini mtazame mtu aliye katika zile dakika 10. Ni mpakiaji aliyeinama ndani ya tumbo la ndege. Ni mfagiaji. Ni mhudumu anayefunga milango ya juu huku akituliza mtoto. Siri ya nauli rahisi ni kasi ya mikono, na sisi wa viwandani tunaijua kasi hiyo: ndiyo ile ya mstari unaoongezwa mwendo bila kuongezwa watu.

Katika makampuni mengi ya Amerika ya Kaskazini mhudumu wa ndege alizoea kulipwa tangu mlango unapofungwa tu. Wakati anapowapokea abiria na kuwasaidia mizigo, saa yake ilikuwa haihesabiwi. Mwezi Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na dai lao kubwa mojawapo lilikuwa hilo: kazi ya chini nayo ilipwe. Serikali iliamuru warudi kazini. Chama chao kikakataa kuwarudisha bila mapatano. Na baada ya siku chache mapatano yakapatikana.

Ulaya, Ryanair ilikaa miaka mingi ikikataa kukaa meza moja na vyama vya wafanyakazi. Desemba 2017, marubani walipokaribia kugoma, ndipo ilipokubali kuvitambua. Na hiyo Southwest yenyewe, mwalimu wa nauli rahisi, walio wengi sana wa wafanyakazi wake wamo katika vyama. Hapo ndipo uongo unapoonekana. Tunaambiwa kila siku ya kwamba bei haiwezi kushuka ila mshahara ushuke. Wafanyakazi wa Southwest waliruka na chama chao miaka 50, na nauli ilikuwa ndogo, na kampuni ilipata faida karibu miaka yote hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA KABLA YA KUKATA TIKETI

Kwa ndugu atakayepanda ndege ya nauli rahisi kwa mara ya kwanza, tunatoa mashauri haya:

1. Usilinganishe bei ya kwanza, linganisha bei ya mwisho. Andika kwenye karatasi: kiti, begi, kodi, na nauli ya kufika uwanjani, kwa kuwa makampuni mengine hutua viwanja vilivyo mbali na mji.

2. Begi lipimwe nyumbani, urefu, upana na uzito. Ukililipia wakati wa kukata tiketi, huwa ni bei ndogo kuliko mlangoni.

3. Pasi ya kupandia itoe mapema kwenye simu. Kama hujui, mwombe kijana wa nyumbani au mwakilishi wa wafanyakazi.

4. Jina la kwenye tiketi liwe sawasawa na la kwenye kitambulisho. Sisi tuliotoka kambini majina yetu mara nyingi yaliandikwa kwa namna mbili tatu; fuata ile iliyo kwenye kitambulisho unachobeba.

5. Fika mapema. Tiketi rahisi ukiichelewea huwa imekwenda, na kwa kawaida fedha hazirudi.

6. Kwa wenye mkopo wa safari: usiukimbie. Ukihama nyumba, wajulishe wanaokusanya. Ukipunguziwa saa za kazi, waombe mapema wapunguze malipo ya mwezi. Kunyamaza huharibu jina lako, hata nyumba ya kupanga utanyimwa.

7. Kwa ndugu zetu waliobaki Dzaleka: nafasi ya kuhamishwa haiuzwi. Huduma za UNHCR na IOM kwa jambo hilo ni bure. Anayetaka fedha akupeleke mbele ya orodha ni mwizi.

WALIOFUTIWA SAFARI

Hatuwezi kufunga bila kuwataja wale ambao hesabu hizi zote kwao zimekuwa hadithi tu. Katika mwaka wa serikali ya Marekani ulioishia Septemba 2024, Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine zote waliopokewa huko, karibu watu 20,000. Januari 2025 mpango huo ulisimamishwa kwa amri ya Rais Trump, na hata waliokuwa na tarehe ya kuruka walifutiwa. Wako watu waliokwisha kuuza vitanda, wakagawa sufuria na kuwaaga majirani, kisha wakarudi kwenye nyumba tupu. Vipimo vya afya vina muda wake. Vikipita huanza upya. Na huko kambini posho limepunguzwa mara kwa mara.

Watu hao ni wafanyakazi wenzetu. Miongoni mwao wako mafundi cherehani, walimu, waokaji mikate, wakulima na madereva. Wamezuiwa wasiuze nguvu zao katika nchi waliyomo, na sasa wamezuiwa wasitoke. Uwanja wa Lumbadzi uko jirani yao, na ndege zinapita kila siku.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tunaleta mapendekezo 2 kwenye mkutano wa tawi. La kwanza, kuwe na mfuko wa misiba, ili mtu aliyefiwa asinunue tiketi kwa haraka na kwa kubahatisha, bali tawi limkatie tiketi yenye hesabu kamili. La pili, chama chetu kiungane na vyama vingine kudai mambo haya: mkimbizi aruhusiwe kufanya kazi pale alipo, Malawi na kwingineko, na waliokwisha kukubaliwa safari zao zifunguliwe.

Kadi za kuchangia mfuko zitakuwa kwa wawakilishi wa kila zamu. Mchango wa chini utaamuliwa na wanachama wenyewe mkutanoni. Njooni kwa wingi, na mwenye risiti ya tiketi aje nayo tuifanyie hesabu pamoja.

Umoja ni nguvu.